Jina la Kwanza Kwenye Ripoti

Nitamwita Mwalimu wa Taaluma, kwa sababu ndicho cheo ambacho angepewa kwetu Lushoto. Kila shule ya kwetu inaye: yule anayetunza alama, anayepanga mitihani, anayejua nani kanakili kwa nani, na ambaye ukimwona anakuja na faili kwapani unajikagua hata kama huna kosa. Kazaliwa wapi na nani, sijui, wala sikuwahi kuuliza. Nilimkuta tayari ni mama mwenye mvi na tayari anaogopewa.

Shule yenyewe ilikuwa ndogo, sekondari ya Wayahudi huku kaskazini mwa London, wanafunzi hawafiki mia na hamsini, wavulana kwa wasichana. Mimi nilikuwa mfanya usafi. Natoka Wembley kwa mabasi mawili, nikifika napita milango miwili ya chuma, na wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge nyuma yako. Pale katikati mlinzi anakuangalia uso na kitambulisho, uso na kitambulisho, hata kama jana mlisalimiana. Siku za mwanzo nilikuwa nasimama mle najiambia, Agnes wee, umekuja kudeki au umekuja kufungwa?

Mwalimu wa Taaluma naye alikuwa mwoga. Niliseme mapema, kwa sababu watu wakimsimulia husema alikuwa simba, na simba hakuwa. Alikuwa mwoga kuliko watu wote niliowahi kuwaheshimu. Hakukaa kwenye kiti kilichoupa mlango mgongo. Chakula chake cha mchana kilikuwa yai la kuchemsha, analila kwa kusimama dirishani, macho getini. Gari likisimama nje kwa muda mrefu, yai linabaki mkononi mpaka gari liondoke.

Kila muhula shule ile ilikuwa na zoezi la kujificha. King'ora kinalia, taa zinazimwa, milango inafungwa kwa ndani, watoto chini ya meza, kimya. Sababu yake, kwamba wapo wanaowawinda Wayahudi, kila mtu aliijua na hakuna aliyependa kuitaja. Walimu wengine walikuwa wanawaambia watoto, msiogope, ni zoezi tu. Yeye hakusema hivyo hata siku moja. Alikuwa anawaonyesha mikono yake inavyotetemeka, anasema, "Mimi naogopa. Anayeogopa anishike hapa." Watoto wanamshika shati, shati linavutwa huku na huku. Nikiona hivyo nilikuwa nasema moyoni, mtu mzima gani huyu?

Na alikuwa na namna yake ya kuhesabu. Mwalimu wa hesabu, jamani, mwenye shahada za hesabu ukutani, lakini watu hakuwahesabu. Watoto wakitoka mapumziko anasimama mlangoni, kidole kinaruka kichwa hadi kichwa, ananong'ona: "Si mmoja, si wawili, si watatu, si wanne." Ndiyo desturi ya kwao: mtu hahesabiwi, asije akapatwa na jicho. Hilo sikulishangaa hata kidogo, maana bibi yangu mwenyewe ukimuuliza ana wajukuu wangapi anakufukuza jikoni. Nilichokigundua baadaye ni kwamba alihesabu wale tu aliokuwa na hofu ya kuwapoteza. Walimu wenzake hakuwahesabu. Sisi wa ndoo na mafagio ndiyo kabisa.

Darasani kwake jibu lililoheshimiwa kuliko yote lilikuwa "sijui". Mtoto akisema "sijui", anashukuriwa mbele ya wenzake na swali lake linaandikwa pembeni mwa ubao, linakaa hata mwezi. Lakini ole wako useme "sijui, ila nadhani labda". Hapo anaweka kalamu chini na kukutazama mpaka ukae mwenyewe. Ukikubaliana naye haraka pia ni kosa. "Umenikubalia upesi hivyo," atakwambia, "kwa hiyo hukunisikiliza." Mimi niliyesoma chini ya fimbo ya mwanzi, ambapo kumkubalia mwalimu ndiyo ilikuwa bima ya makalio, nilikuwa nasimama na dekio langu mlangoni nikiona kama dunia imepinduliwa.

Alikuwa mgumu, tena ugumu wa kuudhi. Kuna binti mmoja alirudishiwa karatasi yake na alama zilizojumlishwa vibaya, zimezidi. Binti akaenda mwenyewe kusema. Ungedhani ataachiwa kwa uaminifu wake. Thubutu! Mwalimu wa Taaluma alizipunguza palepale, binti akakosa zawadi ya mwaka, na mama yake akaja kupiga kelele ofisini mpaka glasi zikatetemeka. Mwalimu alimsikiliza yote, akamjibu kwamba bintiye amefanya jambo zuri na alama ni zilezile. Huku kila siku anawaambia wanafunzi alama si kitu! Lakini siku ya matokeo anajifungia chooni kusoma orodha, na mimi niko nje na ndoo yangu namsikia analia kwa ajili ya mtoto wa watu aliyekosa daraja moja. Ukimuuliza, anasema ni mafua.

Sasa niseme langu. Nimelizunguka vya kutosha.

Ilikuwa wiki yangu ya pili, mwezi wa tano, mitihani ya taifa inaendelea. Shule ilikuwa na ukumbi wa kusomea, rafu za vitabu mpaka darini. Humo ndimo walimosoma Talmudi, vitabu vyao vya sheria za dini, na hawasomi mmojammoja: wanakaa wawiliwawili na kitabu kimoja kikubwa katikati, mmoja anaeleza, mwenzake anapinga. Leo najua hivyo. Siku ile nilikuwa sijui, hakuna aliyeniambia. Nilichokuwa nimeambiwa, na mlinzi, siku ya kwanza, ni kuhusu kile kitufe chekundu ukutani. "Ukiona hatari, usifikiri. Bonyeza."

Nilikuwa nadeki kwenye korido nje yake, taratibu, maana chumba cha pili watoto walikuwa kwenye mtihani wa hesabu. Nikasikia kishindo. Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Kijana mmoja, pandikizi la mtu, amesimama, amemwinamia Mwalimu wa Taaluma, anapiga meza kwa kiganja na kufoka, "Siyo kweli! Siyo kweli!" Na Mwalimu mwenyewe, uso umemwiva, naye anapiga ukunga, mkono ameuinua juu. Kwetu mwanafunzi hampandishii mwalimu sauti. Akimpandishia, basi ni mwendawazimu au ameshika kisu. Sikufikiri. Nikabonyeza.

Mungu wangu. Kile king'ora kinaingia mwilini. Taa zikazimika, milango ikajifunga, na kutoka chumba cha mtihani nikasikia viti vinaanguka vyote kwa pamoja na mtoto mmoja analia, "Siyo zoezi! Hawakusema kuna zoezi!" Mlango wa ukumbi wa kusomea ukafunguka, mkono ukanikamata kola, nikavutwa ndani, nikajikuta chini ya meza na yule kijana pandikizi na wenzake kama sita. Mwalimu wa Taaluma alikuwa anatetemeka meno yanagongana, na gizani namsikia: "Si mmoja, si wawili, si watatu..." Akafika kwa wa mwisho wao, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimegusana naye bega kwa bega. Hakuniongeza.

Nikamnong'oneza, "Amekuumiza?"

"Nani?"

"Huyu. Alikuwa anataka kukupiga. Ndiyo maana nimebonyeza."

Kisha yule kijana akasema, kwa sauti ndogo ya mtoto, "Lakini tulikuwa tunasoma."

Polisi walikuja, wenye bunduki. Watoto walitolewa mmojammoja mikono kichwani, wengine wamejikojolea, wakubwa kwa wadogo, na wazazi wamejaa nje ya geti wanaita majina. Karatasi za mtihani zilibaki sakafuni zimekanyagwa. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa nimekumbatia dekio. Mtu akiniuliza kitu naitikia kwa kichwa tu.

Mtihani ukikatizwa vile, lazima shule iandike ripoti kwa baraza la mitihani: nini kimetokea, nani kasababisha. Mwandishi wa ripoti ni Mwalimu wa Taaluma. Nami mwezi uleule karatasi zangu za kukaa nchi hii zilikuwa zinaisha, na ili niziombe upya nilihitaji barua ya mwajiri, kwamba ninafanya kazi na nitaendelea kufanya. Bila kazi hakuna barua, na bila barua mimi na mwanangu Neema tunaanza kuhesabu siku. Nilimfuata ofisini kwake. Nilipiga magoti, sioni aibu kusema.

"Mwalimu, andika mfanyakazi. Andika hivyo tu. Usiandike jina langu."

Aliniinua. Mikono yake ilikuwa ya baridi. "Wameuliza jina, Agnes."

"Nina mtoto."

"Najua. Nisiposema kweli kwenye karatasi hii, karatasi za watoto hawa wote zitakuwa na shaka."

Akaandika. Nilikuwa nimesimama mbele yake, naisoma kichwa chini miguu juu: mstari wa kwanza, neno la kwanza, Agnes. Halafu la baba yangu. Halafu kosa langu. Nilitoka mle nikimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia kiumbe chochote.

Wiki tatu nilisubiri bodi ya shule iamue kama nibaki. Nilikuwa napika ugali na kuuacha kwenye sufuria. Bahasha ikianguka mlangoni, Neema anaikimbilia, mimi nakimbilia chooni. "Mama, ni tangazo la pizza tu," ananiambia kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakielewa ila hakimtoki mdomoni. Naye alikuwa ameanza kulala na viatu kando ya mto. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ili tukiambiwa tuondoke asivitafute.

Bodi ilipokaa, niliwekwa nje kwenye kiti cha mtoto. Wengine walitaka niondoke, nawaelewa, watoto wao walitoka mikono kichwani. Niliisikia sauti ya Mwalimu wa Taaluma kupitia mlangoni, na alikuwa anafoka vilevile kama siku ile, meza inagongwa. "Hakuna aliyemwambia! Tumemwonyesha kitufe, hatukumwonyesha kusoma! Mtu anayedhani nauawa, akakimbilia kuniokoa, ndiye mnayetaka kumfukuza?" Barua yangu niliipata. Mitihani ya watoto nayo ilikubaliwa. Kwa hiyo mtu angesema mambo yaliisha vizuri, na mimi nilisema hivyo kanisani, nikatoa shukrani.

Baada ya pale akaniamuru kila Jumatano, robo saa kabla ya kuanza kazi, nikae naye ukumbi wa kusomea. Ananisomea jambo la Talmudi kwa Kiingereza, ananiambia, pinga. Napinga nini? Mimi naitikia tu, ndiyo Mwalimu, sawa Mwalimu. Anakasirika. "Pandisha sauti!" Miaka ikapita hivyo. Nikajifunza kupinga vitu vidogo, ng'ombe wa jirani, ukuta wa jirani, nani mwenye haki. Wakanihamishia ofisi ya mitihani, napanga madawati, nahakiki majina, mpaka leo ndiyo kazi yangu. Lakini lile jambo moja la kwangu, la jina kwenye ripoti, sikulipandishia sauti kamwe.

Alistaafu, wakampeleka nyumba ya wazee si mbali na shule. Nilikuwa naenda Jumapili moja moja. Mara hii ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa mchana, jua kali la London lile lisilo na joto. Kesho yake walikuwa wanamfanyia upasuaji wa moyo. Kiti chake kilitazama mlango. Mikononi mwake alikuwa na yai la kuchemsha na hakuwa amelimenya.

"Naogopa," akasema. "Na hapa kila mtu ananiambia hakuna la kuogopa. Hata daktari. Hebu nisomeshe kidogo, nisahau. Lete hoja."

Basi ikanitoka, sijui hata ilitokea wapi. "Siku ile," nikamwambia, "mliokuwa mnapiga kelele ni wewe na yule kijana. Sikuota. Kelele zilianza kwako. Kwa nini mstari wa kwanza uliandika jina langu?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyebonyeza."

"Siyo kweli!"

"Ni kweli tupu. Waliuliza nani—"

"Waliuliza nini kimetokea! Kilichotokea kilianza na wewe! Ungeandika, mimi, Mwalimu wa Taaluma, nilikuwa nafoka na mwanafunzi, mfanya usafi akadhani nauawa. Hiyo si kweli? Ungepungukiwa nini? Mwanangu alilala na viatu kando ya mto, wewe!" Nilikuwa nimesimama. Nimemwinamia. Nikapiga ile meza ndogo ya dawa kwa kiganja, vikombe vikaruka.

Mlango ukafunguka kwa nguvu. Ni msaidizi wa wazee, dada mmoja Mkongo, mgeni kazini, tulisalimiana getini akaniambia ni wa Bukavu. Aliniona nilivyosimama, akamwona bibi wa watu na yai mkononi, akaruka mpaka kitandani, akavuta kamba nyekundu ya dharura iliyoning'inia pale. King'ora kikalia nyumba nzima. Milango ya korido ikajifunga, pa, pa, pa. Wazee vyumba vya pili wakaanza kuita.

"Dada, acha, tunasoma!" nikapiga kelele. "Tulikuwa tunasoma!"

Akasimama na kamba mkononi. "Munasoma? Nilizani unamupiga, mama. Nilisikia makelele..." Akaelewa. Nikaona uso unavyompauka, ninaijua ile rangi. "Batanifukuza. Niko na siku kumi tu hapa kazini. Mama, batanifukuza."

Msimamizi alifika anahema, nyuma yake nesi na mkoba wa oksijeni. Alipoona hakuna anayekufa alikasirika zaidi. Akatoa daftari la matukio. "Nani amevuta?"

Yule dada alinishika mkono, chini chini, asionekane. Mkono wa baridi. Kwa Kiswahili, midomo haifunguki, akaniambia, "Sema ni bibi alivuta. Mama, tafazali." Na ilikuwa rahisi hivyo. Mzee ana miaka mingi, kesho ana upasuaji, nani angemlaumu? Nikamtazama Mwalimu wa Taaluma, naye alikuwa ananitazama mimi, kwa yale macho ya kukufanya ukae mwenyewe.

"Anza na mimi," nikamwambia msimamizi. "Andika: Agnes, mgeni, alimfokea mgonjwa na kupiga meza. Huo mstari wa kwanza. Mstari wa pili, mfanyakazi huyu alisikia, akadhani mtu anaumizwa, akavuta kamba kama mlivyomfundisha. Jina lake liweke hapo. Na uandike kwamba hakuna aliyemwambia sisi tunasoma hivi."

Aliandika. Akanisomea, nikatia sahihi. Akasema atazungumza na mimi kuhusu kuja kutembelea watu. Akamwambia yule dada, kwa sauti iliyopungua makali, alete chai. King'ora kikazimwa, tukabaki wawili, masikio yanalia.

Mwalimu wa Taaluma alifungua mkono. Yai limepondeka kiganjani.

"Mistari miwili," akasema. "Ilikuwa mistari miwili tu."

"Ndiyo."

"Walikuwa wanatafuta sababu ya kunistaafisha mwaka ule. Kelele zangu, umri wangu. Jina langu lingekuwa la kwanza, wangeipata." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya yule kijana chini ya meza. "Niliogopa, Agnes. Nikakuweka wewe mbele. Na kila kilichoandikwa kilikuwa kweli."

Nilitaka kumwambia nimesamehe. Halikutoka, na angenijua nadanganya. Nikamwambia sijui kama nimesamehe. Akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtoto aliyejibu vizuri. Nikachukua kitambaa nikamfuta yale maganda mkononi.

Yule dada akarudi na trei, macho mekundu, vikombe vinagongana. Akasimama mlangoni, hajui aingie au aondoke.

"Kesho saa ngapi?" nikauliza.

"Saa mbili asubuhi."

"Nitakuwepo."

Aliinua kidole chake chembamba, akakielekeza kwangu, midomo ikaanza kucheza.

"Si mmoja," akanong'ona. Kidole kikaenda kwa yule dada mlangoni. "Si wawili."